Miaka kumi ya mpito ihesabiwe kwa mtoto, si kwa jengo

Mtoto aliyetimiza miaka minane Julai 2022, Sheria mpya ya Watoto ilipoanza kutumika, atatimiza miaka 18 mwaka 2032. Mwaka huo huo ndio ukomo wa Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi, mpango wa miaka kumi uliozinduliwa na serikali ili watoto watoke katika makao ya hisani na kulelewa ndani ya familia. Mtoto huyo, kama anaishi katika makao fulani ya Kayole au Dandora, Nairobi, anaweza kukaa pale pale hadi siku ya mwisho, kisha akatoka langoni akiwa mtu mzima anayetafuta kitambulisho, na takwimu zikaonyesha kwamba idadi ya watoto katika makao imepungua kwa mmoja. Hakuna afisa atakayekuwa amevunja sheria, wala mlango uliofungwa kwa pupa. Mageuzi yatakuwa yamempita tu, na miaka kumi ambayo sote tuliiita muda wa kutosha itakuwa imemaliza utoto wake. Ninaunga mkono kipindi kirefu cha mpito, na nitaeleza kwa nini ninakiona cha haki. Lakini kipindi hicho ni mali ya mtoto. Kikihesabiwa kwa majengo yaliyofungwa, au kwa ripoti zilizowasilishwa, watoto wa Eastlands, mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi, watakuwa wa kwanza kuumia, ama kwa kuchelewa ama kwa haraka ya mwisho.

Sheria yenyewe ilitiwa sahihi na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 6 Julai 2022, ikachukua nafasi ya ile ya 2001. Baadhi ya mambo yaliyomo hayakuhitaji subira yoyote. Umri ambao mtoto anaweza kushtakiwa kwa kosa la jinai ulipanda kutoka miaka 8 hadi 12, na hapo hapakuwa na sababu ya kumpa polisi mwaka mmoja wa kuzoea: aliyekuwa akimkamata mtoto wa miaka tisa alipaswa kuacha siku sheria ilipoanza. Vivyo hivyo, wajibu wa malezi uliwekwa mabegani mwa baba na mama sawasawa, wawe wameoana au la, na baba hahitaji kipindi cha mpito ili aanze kumlisha mwanawe. Sheria inapomwambia mtu mwenye mamlaka aache kudhuru, saa ya kuacha ni sasa. Ni tofauti inapoagiza kitu kijengwe ambacho hakikuwepo. Familia iliyo tayari kumpokea mtoto haijengwi kwa notisi ya Gazeti Rasmi. Afisa wa kuitembelea hapatikani kwa tamko la waziri. Kuwatoa watoto katika makao ni kazi ya aina hii ya pili, na kuichanganya na ile ya kwanza kumekuwa chanzo cha makosa mengi.

Nisieleweke vibaya kuhusu makao yenyewe. Makadirio ambayo serikali na UNICEF zimekuwa zikitumia ni kwamba watoto kati ya 40,000 na 45,000 huishi katika makao ya hisani zaidi ya 800 nchini, na wengi wao si yatima kwa maana tuliyoizoea. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilikadiria kwamba duniani kote, angalau watoto wanne kati ya watano walio katika taasisi za malezi wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Kuhusu athari za malezi ya taasisi, ushahidi ulio imara zaidi ulitoka Romania, ambako utafiti ulioanza Bucharest mwaka 2000 uliwafuatilia watoto 136 waliokuwa katika taasisi, baadhi wakapelekwa kwa familia za kuwalea na wengine wakaendelea na malezi ya taasisi. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, na waliowahi kupelekwa kabla ya umri wa miaka miwili ndio waliofaidi zaidi. Hili haliwahukumu akina mama na wachungaji wa Eastlands waliofungua nyumba zao wakati ukimwi ulipokuwa ukifagia wazazi, na serikali haikuwepo. Wengi waliokoa maisha. Hata hivyo mtoto anahitaji mtu wake mmoja, anayejua anaogopa nini usiku, na mlezi wa zamu mwenye watoto ishirini hawezi kuwa mtu huyo hata akijitahidi namna gani. Kwa hiyo lengo la sheria ni sahihi. Swali lililobaki ni jinsi ya kufika huko.

Ili kulijibu, lazima tutazame mtoto wa Eastlands anavyofika makaoni. Mara nyingi njia huanzia katika chumba cha futi kumi kwa kumi, chenye pazia linalotenga kitanda na jiko, katika ploti ambayo choo kimoja kinatumiwa na familia zote za ghorofa hiyo. Mama anafua nguo Buruburu au Donholm, siku akiitwa. Asipoitwa, hali. Mtoto mdogo anahitaji deikea ya kumlea mchana, na deikea inataka pesa kila asubuhi. Mkubwa anahitaji sare, daftari na pesa ya mtihani hata pale ambapo karo imefutwa. Kodi inaingia tarehe tano, na msimamizi wa ploti anafunga mlango kwa kufuli tarehe kumi. Kisha mtu wa kanisa anamwambia kwamba kuna mahali ambapo mtoto atakula mara tatu, atasoma, na atalala penye neti. Mama hamtupi mtoto wake. Anamtafutia chakula na shule, na mahali pekee panapovitoa pamoja ni mahali panapomtaka amwache. Shosho aliyebaki na wajukuu watatu baada ya binti yake kufa hufanya hesabu hiyo hiyo. Anayesema kwamba mtoto huyu sasa arudi nyumbani analazimika kusema pia ni nini kimebadilika katika chumba kile tangu alipoondoka.

Tumewahi kuona kinachotokea mtoto anaporudishwa bila jibu la swali hilo. Machi 2020, virusi vya korona vilipoingia nchini, serikali iliagiza makao yawaruhusu watoto kurudi kwa jamaa zao pale inapowezekana. Hofu ilikuwa ya kweli, kwani bweni lililojaa ni mahali pabaya pa kuwa wakati wa mlipuko. Maelfu ya watoto waliondoka kwa muda mfupi sana. Kazi ambayo katika hali ya kawaida huchukua miezi, yaani kuitafuta familia, kuitembelea, kumwandaa mtoto, kumkutanisha na jamaa mara kadhaa kabla ya kuhamia, ilibanwa ikawa simu na nauli. Na walirudi kwa nani? Kwa familia zilizokuwa zimepoteza kibarua wiki ile ile, kwa sababu wenye nyumba za Buruburu na Donholm hawakutaka tena mtu wa kufua aingie, na amri ya kutotoka nje usiku ilikuwa imeua biashara ya jioni ya mama mboga. Wapo watoto waliofurahi na familia zilizoungana upya zikadumu, na hilo ni ushahidi mzuri kwamba jamaa wapo na wanawataka watoto wao. Lakini hatuwezi kuchukua dharura ile tukaifanya mfano wa utaratibu. Ilionyesha kwamba kumtoa mtoto ni rahisi kuliko tulivyodhani, na kumweka mahali ni kugumu kuliko mpango wowote ulivyoandikwa.

Kuna mfano wa namna nyingine ya kukosa mpito. Novemba 2014 baraza la mawaziri lilisimamisha mara moja uasili wa watoto wa Kenya na wageni kutoka nje, likitaja hofu ya biashara ya watoto. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, na sitetei mfumo uliokuwepo. Ila tangazo lilipotoka, swali la kwanza kila mahali lilikuwa: je, mtoto ambaye tayari amekutanishwa na familia, ambaye ameanza kuwaita watu fulani mama na baba, anasimama wapi? Swali hilo lilipaswa kujibiwa katika sentensi ya pili ya tangazo lenyewe. Sheria au amri isiyosema lolote kuhusu walio katikati ya safari huwaacha mikononi mwa karani anayefasiri apendavyo.

Rwanda, jirani yetu, ilikwenda kwa mwendo mwingine. Mwaka 2012 ilikuwa imehesabu watoto na vijana 3,323 katika taasisi 33, na mwaka uliofuata ikaanzisha, pamoja na UNICEF, mpango unaoitwa Tubarerere Mu Muryango wa kuwarudisha katika familia. Haikuanza kwa kufunga milango. Ilianza kwa kujua kila mtoto ni nani na ametoka wapi, ikaajiri wafanyakazi wa jamii na wanasaikolojia wa kushughulikia kila faili, na baadaye ikaweka wajitolea wawili katika kila kijiji, mwanamke na mwanamume, wanaoitwa marafiki wa familia, karibu 30,000 nchi nzima, ili mtoto aliyerudi awe na mtu wa karibu wa kumwangalia. Rwanda ni nchi ndogo, yenye utawala unaofika hadi mlangoni kwa namna ambayo Wakenya wengi wasingeikubali, na hata huko watoto wenye ulemavu walichelewa kuliko wengine. Lakini zingatia uwiano. Watoto wapatao 3,300 walihitaji miaka kadhaa ya kazi iliyopangwa na kulipiwa. Sisi tunazungumzia idadi inayozidi hiyo mara kumi na zaidi.

Tena sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu mageuzi haya nchini inatoka nje ya Nairobi. Tathmini ya makao ambayo idara ya huduma za watoto na washirika wake walitoa mwaka 2020 ilihusu kaunti tano: Kiambu, Kilifi, Kisumu, Murang'a na Nyamira. Zilichaguliwa kwa sababu nzuri, na mafunzo yake yana thamani. Hata hivyo mtoto anayerudi Nyamira hurudi kwenye boma lenye shamba, hata likiwa dogo, lenye ami na shangazi wanaoishi umbali wa kusikia mtu akiita. Mtoto anayerudi Umoja au Mathare hurudi kwenye nyumba ya kupanga ambayo familia yake inaweza kuihama kabla ya mwezi kwisha, bila kumwachia mtu anwani. Jamaa zake wengi wako ushago, na huko hajawahi kuishi. Lugha ya nyanya yake huenda haielewi. Afisa anayemfuatilia akiwa na anwani ya ploti ya Kayole atamkuta mpangaji mwingine. Kipindi cha mpito kinachofaa Nyamira hakiwezi kupachikwa Eastlands bila kushonwa upya, na hili halionekani kutiliwa maanani vya kutosha.

Kushonwa upya ni kufanya nini? Jambo la kwanza liko mlangoni, kabla hata ya kumgusa mtoto aliyeko ndani. Usajili wa makao mapya ulisimamishwa tangu Novemba 2017, lakini watoto wapya huendelea kuingia katika yale ya zamani kwa barua ya chifu, kwa ripoti ya polisi, au kwa mkono wa jirani tu. Kila anayeingia leo ni kazi ya kumtoa kesho, kwa gharama kubwa zaidi. Mama yule wa futi kumi kwa kumi angebaki na mtoto wake kama angekuwa na deikea safi, ya bei anayoiweza. Na hapa pana jambo la kikatiba ambalo halizungumzwi sana: Jedwali la Nne la Katiba linaipa serikali ya kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto, ilhali makao ya hisani yanasimamiwa na serikali ya kitaifa. Hivyo mkono mmoja unapanga kuwatoa watoto makaoni na mkono mwingine, ulioko City Hall, ndio wenye kitu ambacho kingewazuia kuingia. Miaka ya mwanzo ya mpito ingepaswa kutumika kukutanisha mikono hiyo miwili. Deikea mia moja zilizokaguliwa na kusaidiwa Embakasi na Makadara zingepunguza foleni ya makao kuliko agizo lolote la kufunga.

Jambo la pili ni pesa, na mpangilio wake. Msaada wa fedha kwa yatima na watoto walio katika hali ngumu, ulioanza kwa majaribio mwaka 2004 na sasa uko chini ya Inua Jamii, ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila familia, iwe na mtoto mmoja au watano. Sehemu nyingi za Kayole kiasi hicho hakilipi kodi ya chumba kimoja. Huko shamba kingesaidia kununua unga na mafuta. Mjini kinakwisha kabla hakijafika sokoni. Wakati huo huo makao yanapokea michango ya wafadhili kwa jina la mtoto huyo huyo, na akiondoka michango hiyo haimfuati. Kipindi cha mpito cha haki kingeweka kanuni iliyo wazi: fedha zitangulie, mtoto afuate. Familia ianze kupata msaada miezi kadhaa kabla hajahamia, ili apatikane mahali pa kulala na nafasi shuleni. Wafadhili wa makao wahimizwe, kwa mikataba ya maandishi, waendelee kwa muda fulani kumsaidia akiwa kwa jamaa. Na makao yanayokubali kugeuka yawe vituo vya mchana, vya ushauri au vya tiba kwa watoto wenye ulemavu yaruhusiwe kubaki na wafadhili wao na wafanyakazi wao. Matroni aliyelea watoto kwa miaka kumi na tano ana ujuzi ambao afisa mpya hana. Kumfukuza pamoja na bango la makao ni ubadhirifu.

Kisha kuna ufuatiliaji. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba wakipima shinikizo la damu na kuuliza kuhusu chanjo. Katika Korogocho na Mukuru wao ndio wanaojua ni mlango upi umehamwa na ni mtoto yupi haendi shule. Sheria ya 2022 nayo inazungumzia kamati za ushauri wa watoto katika kaunti na kaunti ndogo. Hatuhitaji kubuni marafiki wa familia kama wa Rwanda kutoka sifuri. Tunahitaji kuwaunganisha watu hawa na afisa wa watoto, kuwapa mafunzo ya kutambua mtoto anayeteseka, na kuwalipa kwa kazi hiyo ya ziada. Kuwatwika bila malipo kungekuwa kurudia kosa letu la siku zote la kujenga huduma za watoto juu ya migongo ya wanawake maskini.

Najua pingamizi lililo zito zaidi kwa haya yote, nalo linatoka kwa watu ninaowaheshimu, wakiwemo waliokulia makaoni na ambao leo, kupitia vyama kama Kenya Society of Care Leavers, wanasema kwa sauti zao wenyewe. Wanasema kwamba kila mwaka wa mpito ni mwaka mwingine wa mtoto fulani bila familia. Kwamba ushahidi wa Bucharest unaonyesha muda ndio wenyewe sumu. Kwamba huwezi kukiri madhara kisha ukayapa ratiba. Wana haki katika sehemu mbili. Kwanza, makao yanayopiga, yanayonajisi, yanayoficha watoto wasiosajiliwa au kuwauza hayana haki ya hata siku moja ya mpito. Yafungwe leo, na wenye hatia wafikishwe Makadara au Milimani. Eastlands haihitaji kukumbushwa kwamba biashara hiyo ipo. Mwaka 2020 uchunguzi wa BBC ulianika uuzaji wa watoto wachanga hadi ndani ya Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, na mfanyakazi wa pale akahukumiwa na mahakama mwaka 2023. Pili, watoto walio chini ya miaka mitatu hawawezi kuwekwa katika foleni moja na kijana wa miaka kumi na sita. Kwao mpito uwe wa miezi, na nguvu ya kwanza ya maafisa iende huko. Ninachokikataa ni hitimisho kwamba kwa kuwa muda una madhara, basi haraka haina. Mtoto aliyerudishwa kwa jamaa wasio tayari, kisha akatoroka akaishia Muthurwa au kwenye jaa la Dandora, hajapata familia. Amepoteza mahali mara mbili.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine kabisa, na ni la kivitendo: Wakenya tukipewa miaka kumi tunaanza mwaka wa tisa. Hilo nalikubali, kwa kuwa tumelishuhudia katika shule za aina ile ile wanazosoma watoto hawa. Mwongozo wa kusajili shule za mitaa ya mabanda ulikuwepo kwa miaka kadhaa, shule nyingi hazikuufikia, na hazikusaidiwa kuufikia wala kusukumwa. Kisha tarehe 23 Septemba 2019 madarasa ya shule ya Precious Talent huko Dagoretti yaliporomoka, wanafunzi wanane wakafa, na serikali ikaamka kwa kishindo, ikikagua na kufunga shule huku wazazi wakihangaika kutafuta nafasi katikati ya muhula wa tatu. Miaka iliyoachwa mitupu ndiyo iliyozaa haraka ile. Kwa hiyo dawa ya uzembe haiwezi kuwa kufupisha muda, ni kuujaza. Kila mwaka uwe na kiasi chake cha kazi kinachoweza kuhesabiwa: mwaka huu kila mtoto wa makao ya Eastlands awe na faili lenye jina la jamaa aliyepatikana au maelezo ya jinsi alivyotafutwa, mwaka ujao wote walio chini ya miaka mitatu wawe wametoka, unaofuata awe ametoka kila mwenye mzazi aliyekubali na aliyekaguliwa. Makao yasiyopeleka mafaili yapoteze usajili. Idara isiyoyasoma ijieleze mbele ya kamati ya bunge kabla ya kupewa bajeti nyingine. Kalenda ya kuhama ifuate muhula wa shule, ili mtoto ahamie likizo ya Desemba na aanze Januari pamoja na wenzake, badala ya kutua darasani Juni akiwa na sare ya shule nyingine.

Wapo pia wanaosema kwamba nchi haina pesa. Lakini mtoto aliyeko makaoni tayari analishwa, analazwa na kusomeshwa na mtu fulani, na malezi ya taasisi hayawi rahisi kwa sababu tu hayalipwi na Hazina. Gharama kubwa iko katikati, pale ambapo makao bado yapo na familia inahitaji kusaidiwa kwa wakati mmoja. Pesa ya kipindi hicho ni kidogo kwa jumla na ni ya muda, na ndiyo ambayo washirika wa kimataifa walio mstari wa mbele kutaka makao yafungwe wanapaswa kuulizwa kama wataitoa. Mfadhili anayesikia kwamba makao yanakwisha huwa wa kwanza kuondoka. Akiondoka mwaka wa tatu na serikali ikafika mwaka wa nane, watoto watakuwa wamekaa miaka mitano katika makao yenye njaa, na hakuna sheria iliyokusudia hilo.

Kuna makundi mawili ambayo yatasahaulika yasipotajwa kwa majina. Watoto wenye ulemavu huachwa nyuma kila mahali, kwa sababu familia ya ghorofa ya nne isiyo na lifti haiwezi kumshusha mtoto wa kiti cha magurudumu kila asubuhi, na shule yenye kitengo maalumu inaweza kuwa mbali na basi halimchukui. Kwao kumpata jamaa si mwisho wa kazi, ni mwanzo. Mpango wao uandikwe kwanza ingawa utatimia mwisho. Na katika Pumwani, Majengo na Eastleigh, familia za Kiislamu zina njia yao ya kumlea mtoto wa mwingine bila kumfuta nasaba, yaani kafala, ambayo Sheria ya 2022 sasa inaitambua. Kutambuliwa huko kutabaki karatasini mpaka maafisa wa watoto wakae na maimamu na makadhi, waelewane kuhusu ukaguzi wa nyumba, uandikishaji na ulinzi wa mtoto. Nairobi ina familia nyingi za aina hiyo zilizo tayari, na hakuna aliyekwenda kubisha hodi kwa utaratibu.

Haya mengi hayahitaji sheria mpya. Yanahitaji kanuni zilizo wazi chini ya sheria iliyopo, zilizopitia maoni ya wananchi na kupelekwa bungeni kama Sheria ya Kanuni ya 2013 inavyotaka, na mikutano ya maoni hayo ifanyike katika kumbi za kijamii za Kaloleni na Dandora ambako watu wanaohusika wanaweza kufika kwa miguu, badala ya hoteli za katikati ya jiji. Yanahitaji pia hesabu. Mwaka wa fedha huanza Julai. Kabla ya hapo kamati za watoto za Makadara, Kamukunji, Mathare na Embakasi zinaweza kutoa, kwa kila kaunti ndogo, idadi ya watoto walio makaoni kwa umri wao, wangapi jamaa zao wamepatikana, wangapi wamehamia na bado wako shuleni mwaka mmoja baadaye, na wangapi watatimiza miaka 18 kabla ya 2032. Nambari hiyo ya mwisho ndiyo ningeiomba ichapishwe kwanza.